Mtoto Asiyeitika: Jinsi Usonji Unavyotambuliwa na Msaada Unavyopatikana

Kila mwezi, katika zahanati na vituo vya afya nchini, akina mama hupanga foleni na watoto wao ili wapimwe uzito. Mtoto huwekwa kwenye mizani, muuguzi husoma kilo, kisha nukta huandikwa katika kadi ya kliniki. Nukta zikiunganishwa huwa mstari, na mstari ukipanda mama hupongezwa na kurudi nyumbani. Kazi hii imeokoa maisha ya watoto wengi, kwa kuwa utapiamlo hujulikana mapema.

Hata hivyo mizani ina mipaka yake. Yaweza kutueleza kwamba mtoto wa miaka miwili ana kilo 12. Haiwezi kutueleza kama mtoto huyo huitika aitwapo jina lake, kama humnyooshea mama yake kidole kumwonyesha ndege apitaye angani, au kama maneno machache aliyokwisha kuyajua yametoweka. Kwa sababu hiyo mtoto aweza kuhudhuria kliniki siku zote alizopangiwa, akapata chanjo zote, akaandikiwa kwamba maendeleo yake ni mazuri, na bado akafika umri wa kuandikishwa shule pasipo mtu mwenye ujuzi kuuliza kwa nini hasemi na wenzake.

Makala haya yanahusu hali iitwayo usonji. Tutajaribu kujibu maswali matatu: usonji ni nini na sayansi imeufahamuje, unatambuliwaje kwa mtoto mdogo, na mzazi au mwalimu aelekee wapi ili mtoto apate msaada. Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa miaka ya mwanzo ya utotoni hupita upesi, na familia nyingi huimaliza kwa kuzunguka toka mlango huu hadi ule.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Huanza kabla ya kuzaliwa au mapema sana utotoni, na mtu huwa nayo maisha yake yote. Si maradhi ya kuambukiza, wala si wazimu. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, unaueleza usonji kwa makundi mawili ya dalili.

Kundi la kwanza ni la mawasiliano na mahusiano. Mtoto hupata shida kushirikiana na wenzake, kuelewa ishara za uso na mikono, na kubadilishana maneno kwa zamu kama watu wanavyofanya katika mazungumzo. Kundi la pili ni la mwenendo wa kurudiarudia na mapendeleo membamba. Mtoto aliyetengenezewa gari la waya haliendeshi, bali huligeuza na kuzungusha gurudumu moja kwa muda mrefu. Mwingine hupanga vifuniko vya soda katika mstari ulionyooka, na kimoja kikisogezwa hulia kana kwamba ameumizwa. Mwingine hutaka njia ile ile ya kwenda sokoni kila siku.

Pamoja na hayo, milango ya fahamu ya watoto wengi wa namna hii hupokea mambo kwa kiwango kisicho cha kawaida. Mvua kubwa juu ya paa la bati, mashine ya kusaga au honi ya daladala yaweza kumtesa mtoto mpaka akaziba masikio na kupiga mayowe. Wengine hula ugali mkavu tu na kuukataa mara uguswapo na mchuzi. Jirani asiyejua huona ukaidi, kumbe mtoto ana maumivu.

Yatupasa kusisitiza kwamba watu wenye usonji hawafanani. Yupo asiyesema neno lolote na ahitajiye kuangaliwa mchana na usiku, na yupo anayesoma chuo kikuu lakini akashindwa kuelewa mzaha wa wenzake. Wengine wana upungufu wa akili, wengine hawana. Baadhi wana kifafa pia, na hicho huhitaji matibabu yake.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Wavulana hutambuliwa kuwa nao zaidi ya mara tatu kuliko wasichana, ingawa wataalamu wengi huamini kwamba wasichana hufichika zaidi. Tukitumia makadirio hayo, kata yenye watoto 1,000 ingetarajiwa kuwa na watoto 8 hivi wenye usonji. Mwalimu na ajiulize: katika kata yake, watoto hao wanane wako wapi?

Jinsi sayansi ilivyoufahamu usonji

Mwaka 1925 daktari wa Urusi, Grunya Sukhareva, alieleza habari za wavulana sita waliokuwa na mwenendo ambao leo tungeuita usonji. Maandishi yake hayakujulikana sana nje ya nchi yake. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto na maradhi ya akili katika mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaeleza habari za wavulana wanne. Tangu hapo hali hii ikapata nafasi katika vitabu vya udaktari.

Baada ya hapo yalitokea makosa mawili ambayo mwanafunzi wa sayansi anafaa kuyachunguza.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba usonji ni hali ya watoto wa wasomi na matajiri. Wazazi wa watoto wa Kanner walikuwa wengi wao watu wenye elimu kubwa. Lakini katika miaka ile ni nani aliyeweza kusafiri mpaka Baltimore na kumwona bingwa? Ni wenye fedha na elimu. Sampuli ilikuwa imechaguliwa na mlango wa hospitali kabla mtafiti hajaanza kuhesabu. Victor Lotter, mtafiti aliyekuwa amehesabu watoto wenye usonji katika eneo la Middlesex, Uingereza, alitembelea taasisi za watoto katika nchi kadhaa za Afrika, na mwaka 1978 akachapisha taarifa iliyoonyesha kwamba watoto wenye usonji wako katika bara letu pia.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu mama yake ni baridi kama barafu na hampendi. Kitabu cha Bruno Bettelheim cha mwaka 1967 kilieneza fikira hiyo mbali sana. Katika vijiji vyetu mama huambiwa kwamba amevunja mwiko, au amerogwa, au mtoto ana jini. Katika hospitali za ng'ambo aliambiwa kwamba moyo wake ndio uliomharibu mtoto. Maneno yalitofautiana, bali mshtakiwa alikuwa yule yule.

Shtaka hilo liliangushwa kwa ushahidi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu akionyesha kwamba asili ya hali hii imo katika mwili. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa yai moja, katika jozi 4 mapacha wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wa mayai mawili hapakuwa na hata jozi moja ya namna hiyo. Mapacha wote hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja. Kama malezi ndiyo yangekuwa chanzo, tofauti hiyo isingetokea.

Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa watoto wa sehemu ya Camberwell, London. Walionyesha kwamba usonji hauna mpaka mmoja mkali, bali una viwango vingi, kutoka hafifu hadi vizito. Wing alikuwa daktari na pia mama wa mtoto mwenye usonji, na mwaka 1962 alikuwa mmoja wa wazazi walioanzisha chama cha kuwatetea watoto hao nchini Uingereza.

Upana huo wa maana ndio unaoeleza sehemu kubwa ya ongezeko la tarakimu. Mwaka 1966 Lotter alipata watoto kati ya 4 na 5 kwa kila 10,000. Katika maeneo yaliyochunguzwa Marekani mwaka 2022, mtoto 1 kati ya 31 wa umri wa miaka minane alikuwa ametambuliwa kuwa na usonji. Mvuvi anayebadili wavu wenye matundu makubwa na kutumia wenye matundu madogo hupata dagaa ambao zamani walipita, wala hatuwezi kusema kwa hilo peke yake kwamba ziwa limeongezeka samaki.

Asili yake

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu watoto zaidi ya milioni mbili wa nchi tano, ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 80 ya tofauti baina ya watu katika kuwa na usonji hutokana na urithi. Chembe za urithi zinazohusika, yaani jeni, ni nyingi. Zaidi ya mia moja zimekwisha tambuliwa. Kwa hiyo usitafutwe upande mmoja wa ukoo ili ulaumiwe. Umri mkubwa wa wazazi na kuzaliwa kabla ya wakati pia huongeza uwezekano.

Katika nchi za joto liko jambo jingine la kuangalia. Taarifa ya kisayansi ya mwaka 2006 kuhusu watoto wa Tanzania ilieleza kwamba kwa baadhi yao dalili za usonji zilionekana baada ya malaria kali. Maradhi yanayodhuru ubongo, kama malaria ya kichwani na uti wa mgongo, yaweza kuacha dalili zinazofanana na usonji. Hii ni sababu nyingine ya kutumia chandarua na kumwahisha mtoto mwenye homa hospitali.

Chanjo hazileti usonji. Hofu hiyo ilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, na mwaka 2010 jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta. Nchini Denmark watoto 657,461 walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha ongezeko lolote la usonji kwa waliopata chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Mzazi anayeacha kumchanja mtoto kwa kuogopa usonji hamkingi na usonji, bali anamwacha wazi kwa surua.

Dalili za kuangalia

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuonyesha usonji. Utambuzi hutegemea kumtazama mtoto na kusikiliza historia yake. Kwa hiyo mzazi, mlezi na mwalimu wa darasa la awali wana kazi kubwa. Mambo yafuatayo yakionekana, mtoto apelekwe kuchunguzwa bila kungoja:

Katika miezi 9 hadi 12: haitiki jina lake ingawa hushtuka asikiapo sauti nyingine, hatoi sauti za mfululizo kama ba-ba na da-da, hapungi mkono wala hanyooshi kidole.

Katika miezi 16: hana hata neno moja.

Katika miezi 24: haungi maneno mawili kwa hiari yake, kama vile "mama njoo". Kurudia aliyoambiwa hakuhesabiwi.

Katika umri wowote: kupoteza maneno, tabasamu au michezo aliyokuwa nayo.

Hapa panahitajika tahadhari, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa kuwatazama watoto wa nchi nyingine. Vitabu hivyo husema kwamba mtoto mwenye usonji hamtazami mtu machoni. Lakini katika jamii zetu nyingi mtoto aliyelelewa vema huinamisha macho mbele ya mkubwa. Hiyo ni heshima, si usonji. Mchunguzi na amtazame mtoto akiwa na mama yake au na watoto wa rika lake. Je, akipata kitu cha kufurahisha humgeukia mwenzake ili wafurahi pamoja? Kushiriki huko ndiko kunakotafutwa.

Lugha nayo ina alama zake. Kanner aliona kwamba baadhi ya watoto hubadilisha nafsi, wakisema "wewe" mahali pa "mimi". Katika Kiswahili nafsi hukaa ndani ya kitenzi, kwa hiyo jambo hilo laweza kupita bila kuonekana. Mtoto aliyezoea kuulizwa, "Unataka maji?" aweza, akiwa na kiu, kusema, "Unataka maji," akikusudia kwamba yeye anayataka. Msikilizaji asiye makini hudhani mtoto anamkaribisha maji. Kumbe ameshika sentensi nzima kama aliyoisikia, bila kubadili kiambishi cha nafsi.

Yapo pia maneno ya kuliwaza ambayo huchelewesha msaada: "Wavulana huchelewa kusema," au "Babake naye alichelewa," au "Anachanganywa na lugha mbili." Kukua katika nyumba yenye Kiswahili na lugha ya kabila hakuleti usonji, wala hakumzuii mtoto kusema.

Kuchuja na kupima

Wataalamu hutofautisha kuchuja na kupima. Kuchuja ni kuuliza maswali machache kwa watoto wengi ili kujua nani achunguzwe zaidi. Kupima ni uchunguzi kamili wa mtoto mmoja mmoja. Hojaji ya kuchuja inayotumika sana, M-CHAT-R, toleo la marekebisho lililotathminiwa mwaka 2014, ina maswali 20 kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Kila jibu la kutia shaka huhesabiwa 1. Jumla ikiwa 3 hadi 7 mzazi huulizwa maswali ya ziada. Ikiwa 8 au zaidi mtoto hupelekwa moja kwa moja kwa wataalamu. Katika Afrika Mashariki tumepata pia vipimo vyetu vya ukuaji kwa jumla. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walichapisha mwaka 2008 kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35 kinachotumia vifaa vinavyopatikana vijijini.

Kwa nini kuchuja hakutoshi? Mwalimu wa hisabati aweza kulifanyia kazi swali hili darasani. Tuseme wilaya ina watoto 10,000, na mmoja kati ya 127, yaani 79 hivi, ana usonji. Tuseme kwa mfano kwamba hojaji hunasa watoto 80 katika kila 100 wenye usonji, na hukosea kwa watoto 5 katika kila 100 wasio nao. Itanasa watoto 63 wenye usonji, na pia watoto 496 kati ya 9,921 wasio nao. Jumla ni 559. Kwa hiyo katika kila watoto tisa walionaswa, ni mmoja tu mwenye usonji.

Je, hojaji hiyo ni bure? La hasha. Kundi la watoto 10,000 limepungua kuwa 559, ambalo wataalamu wachache waweza kulipitia. Aidha wengi wa waliosalia katika kundi hilo huwa na shida nyingine inayohitaji msaada, kama uziwi au kuchelewa kusema. Lakini mzazi hapaswi kuambiwa "mtoto wako ana usonji" kwa sababu ya karatasi ya maswali peke yake.

Njia ya kupita

Na tumfuate mtoto wa kubuni, tumwite Salumu, mwenye miaka mitatu. Hasemi, haitiki, na hukimbia akisikia kelele. Wazazi wake waelekee wapi?

Waanzie zahanati au kituo cha afya na kuomba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Jambo la kwanza kuchunguzwa huko ni masikio. Mtoto kiziwi naye haitiki, na akikosewa kwa kudhaniwa ana usonji hupoteza miaka ya kujifunza lugha ya alama au ya kutumia kifaa cha kusikia. Kisha huangaliwa macho, historia ya kuzaliwa, degedege, malaria kali na kifafa.

Kutoka hapo Salumu apelekwe hospitali ya rufaa yenye madaktari bingwa wa watoto au wa afya ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili mjini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa hizo. Kwa ukamilifu, uchunguzi hufanywa na watu zaidi ya mmoja: daktari wa watoto, mtaalamu wa saikolojia au afya ya akili, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na mtaalamu wa usemi na lugha. Huyu wa mwisho ni adimu sana nchini. Wataalamu wa tiba kwa vitendo wamekuwa wakifundishwa KCMC, na baadhi yao wamesambaa mikoani; familia iulize habari zao katika kila hospitali ya mkoa.

Mzazi asiende mikono mitupu. Achukue kadi ya kliniki. Daftari lenye tarehe ambazo mtoto alikaa, alitembea, alisema neno la kwanza na, kama ilitokea, alilipoteza. Na picha za video za dakika mbili au tatu zilizopigwa kwa simu nyumbani, mtoto akicheza, akila na akiitwa jina. Mtoto aliyesafiri usiku kucha kwa basi hawi katika hali yake ya kawaida mbele ya daktari mgeni, na video humwonyesha daktari yale ambayo chumba chake hakiwezi kuyaonyesha. Mzazi akitoka adai taarifa ya maandishi, kwa kuwa ndiyo itakayompokea katika ofisi nyingine.

Ofisi hizo ni mbili. Ya kwanza ni ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye kazi yake inahusu haki za watu wenye ulemavu chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ya pili ni ya afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri, ambaye hueleza ni shule gani yenye kitengo na mwalimu aliyefundishwa. Ugumu wa njia hii ni kwamba idara ya afya, ya ustawi na ya elimu kila moja huhifadhi habari zake. Mara nyingi mama ndiye anayekuwa tarishi baina yao, akiwa na mtoto mgongoni na nauli ya kukopa. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa, na mtoto akarudi kufungiwa chumbani.

Yapo pia mashirika na vituo vya kusaidia. Dar es Salaam kuna CCBRT, inayohudumia watoto wenye ulemavu, na Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, yenye kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Kilimanjaro kuna kituo cha Gabriella. Majirani zetu wa Kenya walianza vituo vya kupima watoto kwa ajili ya elimu mwaka 1984, na chuo chao cha elimu maalumu, KISE, kilianzishwa mwaka 1986. Faida ya mpango wao ni kwamba mtoto hupimwa chini ya idara ile ile inayompangia shule.

Baada ya kupimwa

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Anayeuza dawa ya namna hiyo, iwe ya mitishamba, ya maombezi ya kulipia au ya matone ya klorini yaliyowahi kutangazwa ng'ambo, anauza udanganyifu; na hayo ya klorini ni sumu. Dawa za hospitali husaidia mambo yanayoandamana na usonji, kama kifafa au kukosa usingizi kabisa.

Kinachosaidia ni mafunzo, nayo si lazima yangoje barua ya bingwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mpango wa kuwafundisha walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, wenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mpango huo umefanyiwa majaribio katika nchi nyingi, zikiwamo Kenya na Ethiopia. Misingi yake yaweza kufuatwa katika nyumba yoyote. Keti chini, usawa wa uso wa mtoto. Shiriki katika mchezo alioupenda yeye badala ya kumvuta kwenye wako. Tumia maneno machache: "maji", si hotuba. Mpe muda wa kujibu. Akinyoosha mkono kuelekea kikombe, taja kikombe na umpe, ili ajue kwamba ishara huleta jibu. Mtoto asiyesema aweza kupewa picha zilizochorwa kwenye vipande vya boksi, akaonyesha anachotaka. Picha hazimzuii kusema. Kwa wengine hufungua njia ya maneno.

Wajibu wa shule

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Sheria ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wengine. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Lakini mwalimu wa kawaida mwenye wanafunzi wengi naye ana uwezo wa kufanya mengi.

Ampe mtoto kiti kile kile kila siku, mbali na dirisha lenye kelele. Achore ratiba ya siku kwa picha na kuibandika ukutani. Amwonye kabla kengele haijalia. Atoe agizo moja kwa wakati mmoja, na kwa maneno ya wazi, kwa sababu mwanafunzi huyu huyachukua maneno kama yalivyo. Akiambiwa "tega sikio" au "shika adabu" aweza kubaki akitafuta kitu cha kutega au kushika. Amchagulie mwenzake mmoja mpole wa kukaa naye na kwenda naye msalani. Zaidi ya yote asitumie kiboko. Mtoto aliyeziba masikio kwa uchungu hafundishwi kwa uchungu wa pili.

Kwa wanafunzi wa sekondari tunapendekeza kazi moja. Klabu ya sayansi itengeneze orodha ya huduma za wilaya yake: hospitali ipi hupima masikio na siku gani, mtaalamu wa tiba kwa vitendo yuko wapi, shule ipi ina kitengo, afisa ustawi na afisa wa elimu maalumu wako ofisi gani, nauli ya kufika kila mahali ni kiasi gani. Orodha hiyo iandikwe kwenye karatasi moja na ibandikwe zahanati, shuleni, msikitini, kanisani na katika ofisi ya kijiji, kisha irekebishwe kila mwaka ifikapo tarehe 2 Aprili, ambayo tangu mwaka 2008 imekuwa siku ya kimataifa ya kuutambulisha usonji. Kazi hiyo haihitaji maabara wala fedha nyingi. Itamwezesha mama aliyesimama mbele ya mizani na mtoto asiyeitika kujua, siku ile ile, mlango wa kwanza wa kubisha na wa pili utakaofuata.